Chambo Chenye Mgongo wa Kijani

Duka nililofanyia kazi kule Al Barsha, Dubai, liliuza vifaa vya kuvulia samaki, nami niliingia pale kifua mbele nikidhani uvuvi naujua kwa kuwa nimezaliwa Naivasha. Siku ya kwanza nikaonyeshwa ukuta mzima wa fimbo za kuvulia, zimepangwa kama wanafunzi kwenye paredi, nikaulizwa ipi ni ya samaki gani. Kwetu fimbo ilikuwa moja tu, ya baba, na ilikuwa ya kila kitu.

Baba alikuwa mwendesha mashua. Aliwapeleka wageni ziwani kuvua bass, yule samaki wa mdomo mpana ambaye wazungu walimleta ziwani kwetu zamani, akazoea maji yetu kuliko wenyewe waliomleta. Baba ndiye aliyejua bass amejificha kwenye mafunjo yapi, lakini wa kurusha ndoana alikuwa mgeni. Katika miaka hiyo yote kuna mgeni mmoja ambaye baba hakumsahau kamwe, aliyekuja na chambo cha mpira kikubwa, urefu wa kiganja na nusu, kilichotengenezwa kikawa samaki kamili hadi magamba. Ukikivuta, mkia unapiga maji na chambo kinaogelea. Mgeni aliondoka na chambo chake, baba akabaki na hadithi. Tuliisikia mezani, tuliisikia tukitoka kanisani, na wazee walipokuja kumposa dada yangu waliisikia wao pia kabla ya kuruhusiwa kusema kilichowaleta. Mama alikuwa akisema angekuwa mwanamke wa wivu, angekionea wivu kile kidude.

Nikiwa kwenye mkataba wangu wa pili Dubai, mama alinieleza kwa simu kwamba baba ana presha ya macho. Daktari alikuwa amesema kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone itachelewesha tu kilichobaki. Nikaanza kulia. Baba akamnyang'anya mama simu, maana hakupenda kuhurumiwa.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hapo dukani kwenu hakuna kile chambo? Nataka nikione kikiogelea mara moja tu, kabla sijazimiwa taa."

Vilikuwepo. Vilining'inia nyuma ya kaunta, na nilikuwa nikivipangusa vumbi kila asubuhi bila kuvifikiria. Nilichukua chenye mgongo wa kijani na tumbo jeupe, nikakipeleka kwa muuzaji mwenzetu kutoka Kerala aliyesimamia fimbo. Hakuuliza bei ya chambo wala kinakwenda wapi. Aliuliza kitarushwa na nini. Nilipomwambia baba anayo fimbo yake nyembamba nyumbani, alichukua fimbo ya namna hiyo ukutani, akakining'iniza chambo kwenye ncha, nayo ncha ikainama ikaangalia sakafu. Chambo chenyewe kilikuwa na uzito wa viazi viwili vizuri. Ukikirusha kwa fimbo dhaifu, alisema, utabaki na mpini mkononi. Akanionyesha yale maandishi madogo juu ya mshikio yanayotaja uzito ambao fimbo inaweza kuurusha, na hatimaye akanichagulia moja ndefu kunipita mimi, nene huku chini, yenye ncha inayopinda taratibu na kurudi.

Ilikuwa ya kipande kimoja. Watu huniuliza mpaka leo kwa nini sikununua ya kuungwa katikati, ambayo ingeingia kwenye sanduku. Hao hawakumjua baba. Fimbo ya mgeni wake ilikuwa kipande kimoja, na baba hakuwa mtu wa kuletewa ndoto yenye kiungo.

Niliazimia kuibeba mwenyewe nikienda likizo. Arbab wetu, mwenye duka, akasema nisubiri kidogo, inshallah baada ya Ramadhani, na "inshallah" ya arbab ilikuwa na miguu mirefu. Ramadhani ikapita, nami nikawa bado nauza mishipi.

Wakati huo fimbo iliishi nasi kwenye makazi ya wafanyakazi kule Dubai Investments Park. Niliwaomba mafundi bomba kipande cha bomba la plastiki, nikaitumbukiza humo, na kwa kuwa haikuenea chini ya kitanda cha mtu yeyote nikaifunga kwa kamba chini ya dari, kutoka dirishani hadi mlangoni. Haikuchukua muda. Nilirudi kazini siku moja nikakuta sare mbichi na soksi zimeanikwa juu yake, zinadondosha maji kwenye mto wangu. Nilipandwa na mori. Nilimwambia mwenye sare, dada mmoja wa Uganda, kwamba ile si kamba ya nguo, ni fimbo ya baba yangu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba basi baba akija ataondoa nguo mwenyewe. Chumba kizima kilicheka, na nikacheka pia ingawa sikutaka. Tangu hapo fimbo ikaitwa Baba. Ungesikia mtu anauliza, "Nani amechukua sketi yangu kwa Baba?"

Siku moja ya mapumziko nilikwenda na chambo kwenye lile sinki refu la saruji la kufulia. Nililijaza maji, nikafunga uzi, nikavuta. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo zao wakaja kutazama samaki wa mpira. Nilimpigia baba kwa kadi ya simu palepale, kwa sababu simu yake ilikuwa kabambe, ya kusikia tu, haina picha. Akaniambia nisimfiche kitu, nimwambie kinavyokwenda.

Nikamwambia kinakwenda kama mama anayetoka kuteka maji, ndoo imetulia kichwani, mwili ndio unaoyumba. Nikamwambia kichwa hakitikisiki hata kidogo na mgongo wa kijani unang'aa. Baba akasema, "Vuta tena." Nikavuta tena, na tena, hadi kadi ikaisha.

Nilikiweka chambo dirishani kikauke, nikasahau kukitoa. Ulikuwa mwezi wa nane, na jua la Dubai la mwezi wa nane halina utani na mpira. Niliporudi kutoka kazini kilikuwa kimepinda kama mtu mwenye kichomi, mkia umeyeyuka umeshikamana na kioo. Dukani vya kijani vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vyeupe tu, vyeupe kuanzia kichwani hadi mkiani. Nikanunua cheupe. Sikumwambia baba. Nilijiambia atakiona mwenyewe, na bass hana habari ya rangi tuliyopanga sisi kwenye simu.

Likizo yangu iliposogezwa mara nyingine, niliamua mzigo utangulie, chambo cheupe humo humo kwenye bomba pamoja na fimbo. Pale makazini kulikuwa na desturi isiyovunjwa: anayekwenda nyumbani hubeba vya wenzake. Atabeba blanketi, simu, sufuria, hata nepi za mtoto asiyemjua, na hanung'uniki. Lakini bomba refu kuliko abiria mwenyewe, kila mtu alilitazama, akanishika bega, akaniambia Mungu atafungua njia nyingine. Njia ilifunguka Al Ras, mtaa wa maduka ya jumla hukohuko Dubai. Palikuwa na mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akijaza kontena la bidhaa na kulipeleka kwao. Nilishuka huko na bomba begani, wachukuzi wakinipisha na kunicheka kwa Kiurdu na kwa lugha nyingine nisizozijua.

Yule baba wa Kimombasa naye alicheka. "Binti yangu, hii yasafiri na mafriji," akasema. "Lakini meli haina haraka, hilo ulijue."

Nilimwambia kwamba baba anayeingojea ndiye mwenye haraka, macho yanamwondoka. Akaacha kucheka. Alilizunguka bomba, akalipapasa, akasema, "Basi itapakiwa mwisho, ipate kushuka mwanzo."

Sikuwahi kuombea kitu kama nilivyoliombea lile kontena. Lilifika, likakaa bandarini. Mama alikuwa akinipa habari kidogo kidogo, kwa hofu. Mara baba amemimina chai kando ya kikombe. Mara jirani amesimama mbele yake na baba hakumsalimu mpaka aliposikia sauti. Nilimchukia kila mtu miezi ile. Nilimchukia arbab, niliichukia bandari, na mteja akiniuliza bei ya ndoana nilimjibu kana kwamba ndiye aliyeizuia meli.

Hatimaye kaka yangu, aliyeirithi mashua ya baba, alilipokea bomba. Kesho yake walikwenda ziwani pamoja.

Baba alinipigia kwa simu ya kaka. Nilikuwa stoo, katikati ya maboksi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mbio. Alinisimulia jinsi fimbo ilivyopinda nyuma ikajivuta, kisha chambo kikatoka kwa mlio na kikachukua muda mrefu kabla ya kugonga maji. Alisema alikuwa akiusikia mkia ukipiga, tuk tuk tuk, kupitia mshikio hadi kwenye kiwiko, na fimbo yake ya zamani haikuwahi kumwambia kitu chochote. Bass mmoja alikigonga akaenda zake. Baba alimsamehe.

Nikauliza nililokuwa nikiogopa kuuliza. "Na ulikiona, Baba?"

"Nilikiona, mama. Kilikuja kama mama anayetoka kuteka maji, ndoo imetulia kichwani, mwili ndio unaoyumba. Na ule mgongo wake wa kijani ulikuwa unang'aa!"

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, na chambo kilichokuwa kwenye mshipi wake kilikuwa cheupe. Nilikaa juu ya boksi. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba yangu dakika ile, na sijawahi kuwa mbali na mtu hivyo. Huko mbele arbab alikuwa akiniita, yalla, yalla, kuna mteja.

"Kijani chake ni kizuri," nikasema.

"Kizuri sana," akajibu. "Hata cha yule mgeni hakikuwa hivi."