Siku Walipokuja Kupima Kazi Yangu

Mwenzangu wa kazi alihamishwa wakati wa masika, na mwingine hakuletwa. Nikabaki nesi peke yangu kwenye zahanati yetu, ndani kidogo kutoka Iguguno. Nilipima, nilitibu, nilizalisha, nilitoa dawa, kisha nikafagia. Nilipoomba likizo, niliambiwa nivumilie.

Ndipo akaja mtafiti, dada mmoja mpole wa chuo kikuu, aliyetaka kujua matibabu yanagharimu nini na sisi watumishi tunatumiaje muda wetu. Asubuhi hiyo alinifuata kila nilipokwenda, saa mkononi. Hata chooni alinisubiri nje, mwenyewe akaona haya, akacheka.

Kabla ya mchana simu ikaita. Mdogo wangu alikuwa analia. Mama yetu ameanguka uani kwake Mwankoko, nyonga imevunjika, wanampeleka hospitali.

"Anakuita wewe, dada. Anauliza nesi wake yuko wapi."

Mtafiti alisikia yote. Akaniambia taratibu, "Gari letu linarudi Singida mjini sasa hivi. Panda twende."

Nilivua glavu. Lakini chumba cha pili kulikuwa na binti mwenye mimba ya kwanza, uchungu umeshamkolea. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye mlango wa kutokea. Aliponiona nimeshika mkoba, alisogeza kitenge alichokalia hadi katikati ya mlango, akanyoosha miguu.

"Shikamoo mama," nikasema. "Naomba nipite. Mama yangu anaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Hakusogea. "Na huyu nimwachie nani?"

Ningeweza kumruka. Nilimchukia mwanamke yule, chuki ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mgonjwa wala ndugu wa mgonjwa. Nilisimama vilevile mpaka binti akapiga ukelele kule ndani. Nikauweka mkoba chini.

Mtafiti alikuwa amebakiza swali moja. Aliniuliza wakati nanawa mikono, "Umewahi kufikiria kuacha kazi?"

"Hilo uniulize siku nikiwa nimekaa," nikamjibu.

Alinishika bega, akaondoka. Nikasikia gari likiwaka, kisha likapotelea upande wa barabara kuu.

Mtoto alizaliwa alasiri, wa kike, analia kwa nguvu. Mama yake alitokwa damu kuliko kawaida, nikahangaika naye mpaka ikakata. Kama ningeondoka, yule binti angekufa. Nililijua hilo, wala halikunipa faraja. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili kunishukuru. Niliitoa.

Jumamosi halmashauri waliniazima nesi wa siku mbili, nikafika wodini. Mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji. Aliniuliza kwa Kinyaturu kama nimekula, kisha akageukia ukutani.

"Wa watu unawaangalia vizuri," akasema.

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikamnyooshea shuka lililokuwa limenyooka tayari.

Jumatatu nilirudi kazini. Mama sasa anaishi kwa mdogo wangu, anatembea kwa mkongojo, na nikimpigia simu tunaongea habari za mvua na alizeti. Mimi bado niko huku, peke yangu. Juzi niliomba uhamisho. Afisa aliyenijibu alikuwa na huruma kabisa sautini. Alisema nitaruhusiwa kuondoka siku atakapopatikana wa kukaa mahali pangu.

Nilimshukuru, nikakata simu, nikamwita mgonjwa anayefuata.