Mguu wa Tano wa Ng'ombe wa Nchiru

Ng'ombe aliyechorwa kwenye ukuta wa bucha pale Nchiru alikuwa na miguu mitano. Nilimwona wiki niliyofika, nikitoka kuchuma kahawa Manyatta, nikapata kazi ya kuteka maji katika hosteli ya wanafunzi iliyotazamana na bucha ile. Shule niliiachia darasa la saba, lakini kuandika sikuacha. Kila nilipopita niliandika juu ya michoro ya ukutani: kinyozi fulani aliyechora kichwa chenye shingo kama ya twiga, hoteli yenye kikombe kikubwa kuliko mlango.

Aliyemchora ng'ombe alikuwa fundi wa makamo, mtu wa Kanja, rangi haimtoki kwenye kucha. Siku moja alihakikisha mwenye bucha hasikii, akanieleza. Mguu wa mbele aliuchora umenyooka, hakuupenda, akaufunika kwa rangi nyeupe ya bei rahisi, akachora mwingine uliokunjwa. Mvua ikaosha ile nyeupe. Mguu wa kwanza ukarudi.

"Watu wa hapa wakikucheka mara moja, hupati ukuta mwingine," alisema.

"Mimi nitaandika tu, mzee."

"Andika. Lakini hii siri kaa nayo, ndugu yangu."

Niliandika alivyonieleza, kisha nikaandika kwamba ng'ombe yule anatembea. Mguu hafifu ni pale alipokuwa, mguu mzito ni pale alipofika. Niliandika kwamba sijaona bucha nyingine ambayo ng'ombe bado yuko njiani.

Katika hosteli ile alikaa msichana aliyesomea sanaa. Tulikunywa chai pamoja, tukabishana kuhusu kuta mpaka chai ikapoa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kubishana nami juu ya mambo hayo. Alipoomba daftari anirekebishie tahajia, nilimpa.

Wiki mbili baadaye chuo kilifanya maonyesho ya picha, nami nikaitwa kubeba viti. Chini ya picha ya ng'ombe wa bucha palikuwa na karatasi yenye jina la yule msichana. Nilisoma polepole. Maneno juu ya shingo ya twiga yalikuwa yangu, neno kwa neno. Juu ya ng'ombe alisema fundi alikosea, akaficha kosa lake kwa rangi duni. Basi. Kutembea hakukuwepo. Wanafunzi walicheka wakipiga picha.

"Mbona ulikata?" nilimuuliza.

"Ilikuwa ndefu, bro. Na si nimekushukuru hapo chini?"

Nilitazama. *Shukrani kwa rafiki wa mtaani.*

"Ile ilikuwa siri ya mtu."

"Siri gani, aki? Iko ukutani, kila mtu anaiona!"

Jumamosi wanafunzi walikuwa wakisimama mbele ya bucha kuhesabu miguu kwa sauti. Jumatatu nilimkuta fundi juu ya stuli, akikwangua ukuta.

"Karibu, mwandishi. Umekuja kuhesabu?"

Nilimweleza juu ya daftari na tahajia.

"Siri nilimwambia nani, yeye ama wewe?"

Nilishika stuli isiyumbe. Akasema, "Wacha," nikaiachilia. Hakuufuta mguu peke yake. Alimfuta ng'ombe mzima, akachora mwingine, miguu minne imesimama kama ya meza.

Niliondoka Nchiru wiki hiyo. Daftari ninalo. Tahajia msichana yule aliirekebisha kweli, kwa wino mwekundu, mpaka ukurasa wa mwisho.