Shokapu za Mama Mkwe

Nikikutana na harufu ya mafuta machafu ya pikipiki iliyochanganyika na ya samadi mbichi, narudi mbio hadi uwanjani kwetu Itiryo, kando ya zizi, ambako baba yangu alikuwa akichutama kila jioni mbele ya pikipiki lake kuukuu kama mtu anayemkamua ng'ombe mkorofi. Pikipiki hilo lilinizidi umri. Baba alilipata kwa bwana shamba mstaafu likiwa limegeuzwa kiota cha kuku, akalifufua kipande kwa kipande: injini ikakohoa, kisha ikanguruma, tangi likapakwa rangi ya kijani iliyobaki mlango wa kanisa ulipopakwa. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni shokapu za nyuma. Zilikuwa zimekufa kabisa. Mafuta yalishavuja, springi zilishalegea, na ukipakia mtu nyuma tairi lilikwaruza madigadi kwa mlio ulioamsha mbwa wa kijiji kizima. Kila shimo lilimrusha abiria juu, na kila aliyerushwa alitua mgongoni kwa baba. Mama alipanda mara moja tu, akashuka njiani, akamalizia safari kwa miguu huku akiwa amebeba kiatu kimoja.

Tungeishi hivyo kwa amani kama si macho ya Bibi Bhoke. Huyu alikuwa mama yake mama, mjane, akiishi ng'ambo ya kilima, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili kiasi cha kunisalimia kwa kunipapasa kichwa. Msimu ule wa mvua, kanisani kukatangazwa kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Tarime kwa siku chache, na atakayewakosa hajui watarudi lini. Wajomba zangu walikuwa machimboni wakitafuta dhahabu, tope lilikuwa limelifukuza gari la mnadani, na kipofu hatembezwi njia ndefu kiasi kile. Likabaki pikipiki la baba. Hapo ndipo mambo yalipokwama, maana kwetu Wakurya, na hasa kwa wazee wa rika lile, mkwe na mama mkwe wana heshima kali. Hawagusani, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Baba akimwona Bibi njiani aliingia katikati ya mahindi ya watu na kusubiri apite. Sasa pikipiki lile, lenye tabia ya kumtupa abiria mgongoni kwa dereva, ndilo limpakie mama mkwe?

"Bora nife kipofu," Bibi alisema mama alipompelekea habari. "Nikimlalia mkwe wangu mgongoni mbele ya watu, macho hayo nitayatumia kuangalia nini?"

Mama alirudi akilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na niliogopa sana. Baba alichukua spana, akachutama.

Alianza na ujanja wa kienyeji: alikata vipande vya tairi la gari akavipachika katikati ya springi ili zisibonyee. Kweli, hazikubonyea tena. Hazikufanya chochote tena. Pikipiki likawa gumu kama kinu, na baba alipolijaribu hadi kisimani alirudi ameshika kiuno, akala ugali wake akiwa amesimama. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akalikokota hadi kwa fundi Shabani, mtu wa Kigoma aliyekuja Tarime kutafuta dhahabu, akaikosa, akakuta pikipiki mbovu zimejaa tele. Shabani alikuwa mcheshi na alipenda kuuliza maswali. Alimuuliza baba anataka shokapu za kubeba uzito gani.

"Uzito siujui," baba alijibu. "Nataka za kumfanya mama mkwe asinifikie."

Shabani alidhani hajasikia vizuri. Baba akaonyesha kwa kiganja nafasi anayoitaka kati ya mgongo wake na abiria. Fundi akacheka hadi akaketi juu ya tairi, kisha akamwona baba hacheki, akanyamaza, akachukua utepe wa kupimia na kupima kiti kwa adabu zote.

Binamu yake baba, aliyefanya kazi katika kambi ya watalii huko Natta, ndiye aliyetuokoa. Alituma shokapu za pikipiki kubwa lililokufa kambini, zikafika zimefungwa ndani ya gunia kama nyama ya harusi. Zilikuwa nzuri ajabu: springi nene zenye rangi nyekundu, mafuta hayavuji, mipira ya matundu ya kufungia bado mipya. Kasoro yake ilikuwa moja, zilikuwa ndefu mno. Baba na Shabani walizifunga hivyo hivyo. Pikipiki likainua matako juu, pua ikatazama chini. Stendi ya pembeni nayo sasa ikawa fupi, kwa hiyo mara ya kwanza baba alipoliegesha na kugeuka kulisifia, lilijilaza taratibu juu ya sufuria la uji wa mama. Tangu siku hiyo lilikuwa na jiwe lake maalumu la kuwekea stendi, na ole wako ulisogeze.

Kwa kuwa Bibi asingekubali kufanyiwa majaribio, baba alimtafutia mwakilishi. Alilifunga gunia la mahindi kitenge kiunoni, akaliketisha nyuma, na kwa kweli lilifanana naye. Akaondoka nalo polepole kuelekea bondeni, nasi tukimfuata kwa miguu. Njia ilipoanza kuteremka, gunia lilianza safari yake lenyewe. Kiti kilikuwa kimeinamia mbele sasa, hivyo badala ya kurushwa, liliteleza kwa utulivu, sentimita kwa sentimita, mpaka likamlalia baba mgongoni na kumwegemezea kichwa begani. Baba akafunga breki. Akashuka. Akalitazama gunia kwa uso wa mtu aliyeaibishwa hadharani.

"Limenigusa," alisema.

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Alipopata pumzi alinitazama mimi, kisha akatazama kiti, akasema, "Muweke Ghati katikati." Jibu lilikuwa limesimama mbele yao muda wote, likinyonya embe. Mjukuu hana mwiko. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani tu. Bibi aliniita mke mwenza na kutishia kuninyang'anya babu yangu kaburini. Tena nilipopanda mimi na gunia pamoja, zile shokapu ndefu zikabonyea kiasi, na kiti kikalala sawa kabisa. Baba akasema alijua tangu mwanzo. Hakujua.

Bibi alikubali kwa sharti moja: nisitoke katikati hata nikibanwa na haja. Tukaondoka asubuhi, mimi nimekumbatia mkoba wake wenye kuku wa kumpa daktari, na mazungumzo yote yakapitia kwangu, kwa Kikurya.

"Mwambie baba yako apunguze mwendo."

"Baba, Bibi anasema..."

"Mwambie nimepunguza."

"Bibi, baba anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Shokapu zilifanya kazi ambayo sijaiona tena. Mashimo yaliyomvua mama kiatu tuliyapita kama watu wanaopanda na kushuka kwenye kitanda cha kamba. Bibi akaanza hata kuimba. Kisha, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya mto, ndama akakatiza njia. Baba akafunga breki zote, pikipiki likayumba kuelekea korongoni, kuku akapiga kelele, na mkono ukapita ubavuni mwangu kutoka nyuma, ukalikamata koti la baba na vilivyomo. Nilihisi mgongo wa baba ukikakamaa. Tulisimama. Ndama akatutazama. Injini ikazimika. Nilijua kosa hilo ni kubwa, kwamba Bibi anaweza kushuka papo hapo na kurudi gizani kwake.

"Ghati," Bibi alisema hatimaye, kwa sauti ya kukaripia, "mbona umelivuta koti la baba yako kwa nguvu hivyo? Huna adabu?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mkoba wa kuku. Nikafungua mdomo nijitetee.

"Muache, mama," baba alisema, akitazama mbele. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimjibu moja kwa moja. "Mtoto ameogopa. Ghati, shika hivyo hivyo, usiachie."

Funika kombe mwanaharamu apite. Nilishika hivyo hivyo hadi Tarime mjini, kwa mkono usio wangu wenye bangili ya shaba, na nikakaripiwa tena njiani kwa kukaza sana. Bibi alifanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa aliona ukuta, akamwona nesi, akaniona mimi na kusema nimekonda. Baba alikuwa amesimama mlangoni ameinamisha kichwa. Bibi akamtazama kwa haraka, akajifunika uso kwa kitenge, na chini ya kitenge hicho alilia.

Siku hizi mambo ni mepesi. Mume wangu ana bodaboda mpya yenye shokapu laini. Humpakia mama yangu hadi mnadani, mama amemshika kiuno, wanabishana bei ya vitunguu njia nzima, kisha wanapiga picha na kunitumia. Ninafurahi, na mgongo wa mama unafurahi zaidi. Juzi mume wangu, aliyekulia Mwanza, aliniuliza kama baba na Bibi walikuwa wanachukiana, maana yeye hajawahi kuona watu wakijitahidi hivyo kukwepana. Nikamwambia tu kwamba baba alipofariki, Bibi, mkongwe asiyeweza kuinuka bila msaada, alikataa gari la mazishi lililotumwa kumchukua. Alisema anataka kuja kwa pikipiki la baba.