Marehemu wa Kwenye Simu Yangu

Shule niliishia kidato cha pili, ila kusoma sijaacha. Nasoma katuni kwenye simu, za wanaume wawili wanaopendana, tena kwa siri. Bosi wangu Mama Kulwa, mwenye mgahawa hapa Katoro, akijua tu, kazi sina.

Hao wawili wa katuni ninayosoma sasa, sura arobaini nzima wanaangaliana tu, hata mkono hawashikani. Juzi namenya viazi, nikafungua sura mpya: mmoja kamkumbatia mwenzake, analia. Na mimi nikaangua kilio, viazi hukoo.

"Mwanangu, umepata msiba?" akauliza Mama Kulwa.

Ningesema nini? Nikaitikia. "Kaka yangu, kule Chato." Kaka mwenyewe sina!

Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanakula wakaacha wali, wakavua kofia. "Pole sana, dada." Mama Kulwa akazima jiko, akatandika mkeka, akanifunika khanga, akasali mpaka jasho likamtoka. Nami nikazidi kulia, maana lile kumbatio lilikuwa bado linanichoma.

Kisha akachukua simu yangu ampigie mama yangu kumpa pole. Akavaa miwani. Akaiangalia ile picha, bado iko wazi, weee.

"Sasa mwanangu, marehemu ni yupi hapa? Anayekumbatia au anayekumbatiwa?"