Maji ya Kubeba Hadi Maporomokoni

Juzi dukani hapa Voi, mbele yangu kwenye foleni alisimama kijana mwenye raba mpya. Alitia chupa mbili za maji kwenye mkoba wa mgongoni, akaupima uzito, akaguna.

"Safari ya wapi?" akauliza mama mwenye duka.

"Jumamosi tunakimbia mpaka kwenye maporomoko, mama. Njia yote ni jua tu."

"Na huko maji yako?"

"Yapo. Nimeona picha, yanamwagika kweli."

"Picha ya wakati wa mvua ama ya saa hii?"

Kijana akatoa simu. Pichani nyasi zilikuwa kijani kibichi. Akatazama vumbi nje.

"Niongeze mbili," akasema taratibu.

Nikarudi kuongeza zangu. Mimi pia nimejiandikisha, na picha iliyonishawishi ni hiyo hiyo.