Miezi Mitatu Bila Kuomba Hata Chumvi

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka mama yenu huchungulia kutoka jikoni kuona kama akili bado zimo. Ni siku niliyosimama mbele ya bibi mmoja wa Kiturkana pale Kakuma, kikombe mkononi kama mwizi wa kuku aliyekamatwa, nikijaribu kuomba maziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha sita, kazi ya ualimu wa Kiingereza, na sikujua kuomba. Kaa kitako nikusimulie, maana nasikia nawe unafungasha begi kwenda kufundisha nchi za watu.

Kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Lushoto, milimani, kwenye ukungu na mapea, na kama si mjomba wangu nisingevuka hata Mombo, pale mlima unapoishia. Mjomba alikuwa na rafiki aliyefanya kazi na shirika dogo lenye ofisi Lodwar, kaskazini mwa Kenya, lililokuwa linatafuta mwalimu wa kuwafundisha watu wazima Kiingereza. Nadhani walitaka Mwingereza. Walipomkosa wakachukua Wakenya wa kutoka kusini, wawili, na wote wawili walilikimbia joto kabla ya mwezi kuisha. Ndipo wakaangukia kwa Msambaa.

"Tembea uone," mjomba akaniambia, yeye aliyekuwa hatembei.

Mama alinipa blanketi zito la sufu na wasia mmoja: "Huko uendako usiwe mtu wa kuombaomba. Mtu aliyelelewa haombi." Blanketi, mwanangu, kwa joto la Lodwar! Niliposhuka kwenye basi nikiwa nimelibeba begani, mlinzi wa ofisi aliniangalia mimi, akaliangalia blanketi, akauliza kwa huruma, "Mwalimu, wewe iko mgonjwa?"

Mkuu wa ofisi alikuwa mama mmoja mrefu, Mturkana wa hapohapo Lodwar, ambaye kila mtu alimwita Madam. Alisoma barua yangu mara mbili. "Mtanzania," akasema polepole, "amekuja Kenya kufundisha Kiingereza." Akawaita wenzake chumba cha pili waje waone. Wakacheka, nami nikacheka, ningefanyaje? Ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Kisha akaacha kucheka. "Kakuma kuna darasa la watu kumi na wanne. Wanataka Kiingereza cha kujisemea hospitalini na maofisini. Nitakuja baada ya miezi mitatu. Nikikuta watu chini ya kumi nafunga darasa, na wewe unarudi kwa baridi yenu."

Basi nikaenda Kakuma. Darasa lilikuwa banda la mabati kando ya laga, ule mto wa mchanga unaokumbuka maji mara moja kwa mwaka. Nusu ya wanafunzi wangu walikuwa Waturkana wa pale mjini, na nusu wakimbizi waliokuja kwa miguu kutoka kambini. Nitakutajia wawili tu. Wa kwanza alikuwa Papa Mulumba, fundi cherehani kutoka Kongo, mtu wa tabasamu na suruali yenye mstari mkali kuliko kisu changu. Wa pili alikuwa Ata Akai. Ata ndivyo Waturkana wanavyomwita bibi. Alikuwa anauza maziwa ya ngamia na kusuka vikapu vya miyaa, na nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka chumba changu. Nilipowauliza siku ya kwanza kila mmoja anatakia nini Kiingereza, yeye alijibu hivi:

"Mimi nataka kuongea na daktari na mdomo yangu mwenyewe. Mimi nasema maneno kumi, yule wa kutafsiri anampa daktari mbili. Hiyo nane anapeleka wapi?"

Yale maneno yalinigusa, sitakuficha. Lakini kilichonigusa zaidi wiki ile kilikuwa kingine. Niliombwa, mwanangu! Niliombwa kama sijawahi kuombwa. Nikitoka nje asubuhi, "Mwalimu, ejok!" Nami naitikia salamu yao, ejok. "Nipe sukari." Nikifika darasani, "Mwalimu, nipe hiyo kalamu." Nikinawa, "Nipe sabuni." Mtu mzima mmoja mwenye heshima zake alinishika kifua akasema, "Hii shati, ikichoka, ni yangu." Na ukimpa hashukuru kwa maneno mengi, anapokea kama vile ulikuwa umechelewa kumletea.

Nikajiambia, hawa wameniona mimi ghala. Nikawa natoa, ndiyo, ingawa si kila mara, tena kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Sukari nikaifungia sandukuni. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikaona dawa ni somo. Siku nzima nikawafundisha kuomba kwa adabu, lile ombi refu la Kiingereza lenye plizi mbele, samahani katikati, na "kama hutajali" mwishoni. Ata Akai alilirudia mara tatu, jasho linamtoka. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, hii yote ni ya kuomba maji?"

"Ndiyo, Ata."

"Basi mtu atakufa na kiu kabla hajafika kwa maji."

Darasa likaanguka kwa vicheko. Mimi nikaandika tarehe ubaoni, ingawa ilikuwa imeshaandikwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa siombi kitu kwa mtu. Hilo ndilo nililojivunia. Maji nilichota mwenyewe, nguo nilifua mwenyewe, ugali niliuunguza mwenyewe. Chumvi ilipoisha na duka limefungwa, nilikula mboga chapwa siku mbili, huku naona moshi wa jiko la Ata Akai kwa jicho hili la kushoto. Kipindi kikiisha nilikimbilia chumbani, nikaegesha mlango, nikamwandikia mama barua kwamba mwanao nimetunza jina la nyumbani.

Darasa likaanza kupungua. Kumi na wanne wakawa kumi na mmoja. Kumi na mmoja wakawa saba. Nikasema ni joto. Nikasema ni soko. Mwezi wa tatu ulipofika katikati walikuwa watano, na wiki mbili zimebaki Madam aje. Papa Mulumba, ambaye hakukosa hata siku moja, alinisogelea akikunjakunja futi yake ya kupimia nguo, akasema kwa aibu, "Mwalimu, minakuambia sababu weye ni kama ndugu. Batu banasema uko na kiburi."

"Kiburi? Mimi?" Niliwaka. "Nimemsumbua nani? Nimemwomba nani hata chumvi?"

"Njo vile," akasema, yaani ndiyo hivyo hasa. "Njo vile tu banasema."

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa uongo wa mzee hauna faida. Nusu ya moyo wangu ilifurahi. Nusu ile ilishaanza kumenya mapea Lushoto. Lakini nusu ya pili ilikuwa inamwona Ata Akai, aliyefika darasani wa kwanza kila asubuhi, akaketi mbele, akafungua daftari lake kama anafungua mlango wa ile hospitali. Darasa likifungwa, mimi narudi kwa mama. Yeye anarudi kwa mkalimani wake anayekula maneno nane.

Basi jioni ile, jua bado lipo, nikazipiga zile hatua ishirini. Kwa miezi mitatu ilikuwa mara ya kwanza. Nilimkuta anasuka. Hakuinua uso.

"Ata, watu wangu wanakwenda wapi?"

"Wako hapa tu. Wewe ndiye hauko."

"Mimi nipo kila siku! Sijakosa hata kipindi kimoja."

Akaweka kikapu chini. "Mwalimu, tangu ufike, mimi nimekuomba nini?"

Nikamhesabia: sukari, kalamu, sabuni, majani ya chai, kiberiti, sukari tena.

"Unakumbuka yote," akasema. "Na wewe umeniomba nini?"

"Sijakuomba kitu, Ata." Na nilijinyoosha kidogo wakati nasema.

"Haya. Sasa angalia." Akanyoosha mkono nyuma yake, akafunua kopo. Lilikuwa limejaa sukari. "Hii si yako. Hii nimenunua. Mimi iko na sukari kila siku. Nakuomba sukari ndiyo ujue Akai ni jirani yako, na kesho na wewe ukuje uniombe, na mimi nikupe ama nikunyime, na kesho kutwa tena. Hivyo ndiyo watu wanakaa. Mbuzi yangu iko kwa watu wengine, mbuzi ya watu iko kwangu. Jua likiua ya hapa, ya kule inabaki. Mtu mwenye haombi kitu, anasema nini? Anasema, mimi sitaki kitu yenu, mimi sitaki nyinyi. Sasa mtu hakutaki, utaenda kukaa kwa mabati yake kufanya nini?"

Mwanangu, nilikuwa nimesoma insha na tamathali za semi, lakini somo hili sikulikuta kitabuni. Miezi mitatu watu walinipigia hodi. Mimi nilifungua mlango kidogo, nikawarushia sukari, nikaufunga. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami sikuwahi kuingia ndani kwa mtu.

"Sasa nifanyeje?" nikauliza.

"Omba."

Hapo ndipo palipo na kile kikombe. Nilikwenda kukichukua chumbani, nikarudi, nikasimama mbele yake kama nimeitwa polisi. "Ata," nikasema, "samahani sana, kama hutajali, na kama yapo, ningeomba maziwa kidogo tu."

"Hapana," akasema.

Nilihisi ardhi imefunguka. Nikageuka niondoke. Bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mbuzi wakasimama kutazama. "Rudi! Unaenda wapi? Nimekunyima, bas, si nimekunyima tu? Wewe si ulininyima majani ya chai, na kesho yake nikaja? Omba kama mtu yuko nyumbani."

Nikavuta pumzi. Nikamwomba Mungu mama yangu asisikie. "Ata! Nipe maziwa!"

"Sasa umesema!" Akanijazia kikombe kikafurika mpaka kwenye vidole. Yalikuwa machungu kidogo, yana harufu ya moshi wa kibuyu, na sijanywa kinywaji kitamu zaidi ya kile.

Kesho yake nikaanza kazi. Kuuliza si ujinga, na kuomba, nikagundua, si njaa. Nilimwomba Papa Mulumba anitie kiraka kwenye suruali; akasema amengoja miezi mitatu, ile suruali ilikuwa inamuumiza macho. Nilimwomba mama muuza samaki anifundishe kuhesabu Kiturkana. Akanifundisha, na soko zima likaja kusikia mwalimu anavyoharibu. Nikalewa nao uombaji. Nilimwomba mzee mmoja mchungaji ambaye hata simjui, "Nipe mbuzi!" Mzee hakushtuka. Akafikiri, akasema, "Mbuzi, ngoja mvua. Na wewe nipe ile blanketi. Nimesikia iko." Nikampa. Alijitanda nalo saa saba ya mchana, nyuzi joto za kukaangia yai, akatembea nalo laga nzima kama mfalme. Nami mgongo ukapata raha.

Kila niliyemwomba kitu, nilimwomba na jambo la mwisho: aje darasani. Wengine walininyima papo hapo, nikajifunza kucheka. Wengine walisema, "Kesho."

Madam alifika kutoka Lodwar asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Banda lilikuwa limejaa. Alihesabu watu ishirini na wawili na akaacha kuhesabu, kwa sababu mchungaji wa blanketi alikuja na wenzake, na mbuzi mmoja alikuwa ameketi safu ya nyuma akionekana kuelewa kuliko baadhi yetu. Lakini nilijua kwamba Madam si mtu wa kudanganywa kwa idadi. Watu unaweza kuwakusanya siku moja. Alimtazama Ata Akai pale mbele, akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama ambavyo ningemuuliza mimi darasani: mwalimu huyu yukoje?

Ata alisimama. Mimi nilikuwa nimewafundisha majibu ya ubaoni: mwalimu ni mzuri, mwalimu ni mrefu. Nikaona midomo yake inapima maneno, na maneno yenyewe siyo ya ubaoni. Akayatoa moja moja, kwa Kiingereza, kama mtu anavyovuka mchanga wa moto:

"Mwalimu hajui kuomba. Sisi tunamfundisha. Usimpeleke nyumbani. Bado hajamaliza."

Kilikuwa Kiingereza cha kwanza alichokitunga kichwani mwake mwenyewe, na hakuna neno hata moja lililoliwa njiani. Madam alinigeukia. Alijaribu kukaza uso wa ofisi, ukamshinda. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ukingo wa kitambaa, na alipopata pumzi alimwambia dereva ashushe garini madaftari mapya ya darasa.

Nilikaa Kakuma miaka minne, mimi mtu wa Mombo mwisho.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na nitaisema bila kuzungusha. Huko uendako utakuta umebeba ujuzi, na wenyeji watakuheshimu kwa huo ujuzi. Hatari iko hapo. Mtu anayetoa tu, hapokei, huwa juu ya watu hata akiketi nao chini. Mama yangu hakukosea. Kwetu kutoomba ni heshima. Ila heshima haina sare moja nchi zote. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, kabla hujafungua kitabu, tafuta jirani umwombe kitu: moto, mwiko, njia ya sokoni, jina la ndege aliye mtini. Ukinyimwa, cheka, urudi kesho. Ukiombwa, usihesabu kama nilivyohesabu mimi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi na mvi zangu naongeza kwamba kupokea nako kunataka moyo, tena mpana zaidi. Na wanafunzi wako wakikuona nawe unajifunza, ukikosea mbele yao bila kufa, ndipo nao watakapothubutu kukosea mbele yako. Lugha huanzia hapo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani na akupokee kituoni. Akupe afya ya kustahimili jua la watu na mvua ya watu. Akujalie majirani wasiokuonea haya, na wewe akuondolee haya mbele yao. Ufundishe ueleweke, ufundishwe uelewe, na siku ya kuondoka kwako wapatikane watu wa kukuzuia. Amina.