Ufa Kwenye Ganda Jipya

Asubuhi ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: ukungu wa Rungwe, migomba iliyolowa, na sabuni ya kuoshea maganda ya risasi. Miaka ya sabini hiyo. Nimeolewa juzijuzi, moyo mwepesi, naota nyumba ya bati na cherehani dirishani.

Baba mkwe alikuwa fundi wa risasi. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi ya kijiji, na wawindaji walimtegemea yeye. Maganda mapya ya shaba yalikuja na basi kutoka Iringa, yanang'aa kama pete za harusi. Lakini mzee hakudanganywa na kung'aa. "Kipya si lazima kiwe kizima," alizoea kusema. Kila ganda lioshwe litoke mafuta ya kiwandani, likaushwe, mdomo uliobonyea unyooshwe, alipapase kwa kidole, ndipo alijaze baruti. Na akishajaza, risasi ya kwanza anapiga mwenyewe. Hakumpa mtu kitu ambacho yeye hajakijaribu karibu na uso wake.

Kuosha ilikuwa kazi yangu. Ila kwetu Wanyakyusa, wakati ule, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Nikisikia kikohozi chake njiani, najifunika khanga naingia migombani. Maganda nayaacha kwenye ungo mlangoni, naye anayachukua nikishaondoka.

Basi siku hiyo nikaona ganda moja lina mstari karibu na kitako, mwembamba kama unywele. Macho ya mzee yalishaanza kufifia, na ufa wa namna ile kidole hakiujui. Nikaliweka kando, nikamwita mume wangu, Ambakisye.

"Mwambie baba hili lina ufa."

Akacheka. "He! Mke wangu leo fundi wa bunduki? Kesho utamfundisha mchungaji kubatiza!"

"Sitanii, Ambakisye. Mwambie."

"Haya, mama mkaguzi. Nitamwambia."

Moyo ukatulia. Nikaenda mtoni kuteka maji huku naimba. Si nimeshatuma neno? Kumbe nyuma yangu akaligeuzageuza lile ganda, akaona linang'aa tu, akalirudisha kwenye ungo pamoja na mengine. Neno langu akalisahau hapohapo mlangoni.

Mchana, nikiwa mtoni tena, nikasikia mlio. Haukuwa ule wa siku zote. Ulikuwa mfupi, kama mlango uliobamizwa. Halafu kilio cha mwanamume mzima. Mzee alikuwa akijaribu risasi, lile ganda likapasuka penye ufa, moto wa baruti ukarudi nyuma ukamwingia machoni.

Hospitali walimrudisha nyumbani hai, lakini kipofu. Ambakisye alipiga magoti akamweleza baba yake yote. Kucheka kwake kule sikukusikia tena kwa muda mrefu sana.

Jioni moja nafagia uani, mzee akatoka akipapasa ukuta. Kwa mazoea nikajifunika, nikataka kukimbia.

"Mkamwana," akaita. Ndiyo mara ya kwanza sauti yake kunielekea mimi. "Unakimbilia wapi? Nasikia uliuona ufa."

Nikasimama na ufagio mkononi. Machozi tu.

"Ungenipigia kelele, mama. Ungenitupia hata jiwe. Mila ilikataza tutazamane. Haya, mimi sitakutazama tena. Sasa unamkimbia nani? Njoo unishike mkono, nataka kufika kwenye mahindi yangu."

Nikamshika. Mkono ulikuwa mzito, bado unanuka baruti. Majirani walinong'ona, na wengine waliacha kunisalimia. Nilimwongoza hivyohivyo mpaka siku tuliyomzika.

Mwanangu, sikwambii udharau mila. Mwacha asili ni mtumwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuona ufa ambao hata ukuta wa kujenga haukupatikana. Kwa hiyo nisikilize: neno la kuokoa uhai halitumwi, hupelekwa kwa miguu yako mwenyewe. Ukiona ufa, uwe kwenye daraja, kwenye dawa ya mgonjwa au kwenye ndoa ya dada yako, usimpe mtu akusemee ukaenda zako ukiimba. Sema wewe, hata wakuite huna adabu. Adabu ikivunjika huombewa radhi. Jicho haliombewi.

Mungu akupe jicho la kuona, na asikunyime koo la kusema. Utokapo uende salama, na wakupendao wakuone ukirudi.